Nimeshinda Ukumbini

Jumamosi, 4 Mei
Aibu! Mashindano ya drafti ya mtaa. Nimetolewa mchezo wa kwanza, tena na fundi cherehani, jirani wa kibanda changu cha kunyolea. Kete zangu kazila zote huku anapiga miayo. Ningerudije nyumbani mapema vile, na shati hili mke wangu kanipigia pasi mwenyewe? Nikajibanza nyuma ya nguzo ya ukumbi mpaka jioni. Nilipoingia akauliza habari za huko. Nikajibu kweli tupu: nimeshinda ukumbini. Yaani nimekaa huko kutwa. Akapiga vigelegele! Kabla sijafumbua mdomo kusahihisha, alikuwa ameshampigia baba yake.

Jumapili, 5 Mei
Baba mkwe kapiga simu. Miaka yote mimi kwake ni "yule kinyozi". Leo kaniita mwanangu! Akasema kesho anakuja kulishika kombe kwa mikono yake. Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini mwanangu! Nani angelirudisha neno kama hilo? Najiona mwizi.

Jumatatu, 6 Mei
Asubuhi nimemwomba fundi, maana ndiye aliyelitwaa kombe, aniazime, leo tu. Akauliza la nini. Nikasema nataka kumsaidia kulifuta vumbi. Akacheka mpaka sindano ikamdondoka.

Mpango wa pili. Baba mkwe alipofika na kuketi, nikamwambia kwa huzuni kwamba kombe limepotea. Akauliza: limepotea, au nimelipoteza? Nikashikilia limepotea. Kiswahili kina huruma: kitu kikipotea, kosa ni la kitu chenyewe. Ila mzee sikumjua. Akavua koti, akasema mali ya mwanawe haipotei hivi hivi, akaanza kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Na goti lake bovu! Mimi nyuma, nachungulia mitaro, natafuta kitu ambacho sijawahi kuwa nacho.

Tukafika kwa fundi cherehani. Akalitoa kombe, akalipangusa taratibu, akamwambia mzee halijapotea, limeshinda hapa hapa kwake. Baba mkwe akaniangalia. Hakugomba. Heri angegomba! Akavaa koti lake, akaniambia: kwaheri, kinyozi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumanne, 7 Mei
Mke wangu hasemi nami. Chai kaniwekea kama anamwekea mpangaji. Jioni ndipo akasema. Ningesema tu nimeshindwa drafti, tungecheka wote, yakaisha. Lakini nimemzungusha baba yake kwenye milango ya watu, akitafuta uongo wangu. Nikalia. Si machozi ya kuigiza, nimelia kweli. Akasema niende kumwomba baba radhi, uso kwa uso, na nisipokwenda nisimwite tena mke. Nimeapa.

Jumatano, 8 Mei
Nimekwenda. Nikafika getini kabisa. Mzee alikuwa barazani, miwani puani, anasoma gazeti. Mkono ukagoma kubisha. Nikageuza.

Mke wangu akauliza kama nimefika kwa baba. Nimefika. Akauliza baba kasema nini. Nikajibu hakunitolea neno baya hata moja. Kweli tupu! Akanikumbatia huku machozi yanamtoka, akasema hakudhani baba ana moyo mkubwa hivyo, ngoja ampigie amshukuru.

Anaitafuta simu yake. Nimeikalia. Sasa ananiomba nisimame nimsaidie kutafuta.