Taipureta ya Zadock

Ijumaa, 4 Machi 1966

Homa Bay. Leo nimemaliza kozi yangu ya upelelezi kwa posta. Somo la mwisho: kila taipureta ina alama zake, kama vidole vya mtu. Nimelisoma mara nne. Kisha nikatazama ziwa na kujiona Nairobi, koti jeupe, askari wananipigia saluti. Raha iliyoje! Lakini mimi bado karani mdogo wa chama cha wavuvi. Mzee Nashon, mwenyekiti, atachagua karani mkuu wiki ijayo: mimi au karani mwenzangu Zadock. Atakayepata ndiye atakayesikilizwa akipeleka posa ya Filister, binti wa Mzee. Kabla jua halijatua Zadock amenikabidhi ufunguo wa ofisi, kama kila Ijumaa. Ni Msabato. Kesho hagusi hata kalamu.

Jumamosi, 5 Machi

Ofisi kimya. Mimi na taipureta ya Zadock tu. Herufi r yake huruka juu ya mstari. Nimechapa barua isiyo na jina: Mzee Nashon hukoroma mikutanoni na kofia yake inanuka omena, wale dagaa wa ziwani. Nikaweka tarehe ya leo. Karani mzuri hatoi barua bila tarehe. Nimeipenyeza chini ya mlango wa Mzee, nikaenda kukaa ufukweni, nikamwota Filister amevaa shela. Hata njaa sikuisikia.

Jumatatu, 7 Machi

Moto umewaka! Mzee ananguruma. La kofia ndilo limemuuma zaidi. Nikajitolea kupeleleza. Akasema nikimpata mwandishi, kiti ni changu. Zadock akanitakia heri, maskini. Nilimwonea huruma kidogo. Ikapita.

Jumanne, 8 Machi

Kamati nzima ilikuwepo. Nikatoa kioo cha kukuza nilichonunua kwa Mwikwabe, mwenye duka kule Suna. Nikawaonyesha r ya barua, kisha r ya taipureta ya Zadock. Zote zinaruka! Wazee wakaguna kwa mshangao, yawa! Nilikuwa Nairobi tena, ndani ya koti.

Ndipo Filister, aliyekuwa akimimina chai, akauliza tarehe tano ilikuwa siku gani. Nikajibu upesi: Jumamosi! Mpelelezi hujua kalenda. Akauliza Zadock ameanza lini kufanya kazi siku ya Sabato. Tena akasema Jumamosi hiyo Zadock alikuwa Rangwe kutwa akiongoza kwaya, na yeye Filister alisimama mstari wa mbele. Kumbe anaimba kwaya yake! Hilo liliniuma kuliko yote. Mzee akauliza Jumamosi ufunguo huwa na nani. Wote wakanigeukia mimi.

Ijumaa, 18 Machi

Remba. Nimehamishiwa kisiwani kupima omena. Nanuka kuliko ile kofia. Zadock ndiye karani mkuu, na posa ameshapeleka. Filister atajibu mwisho wa mwezi. Nimelia, sikatai. Lakini leo ziwa lilikuwa shwari, mawazo yakaelea mbali, nikaliona kosa langu. Siku! Nilikosea siku tu!

Jumapili Zadock huwa ofisini kutwa, na kila mtu anajua. Basi barua ya pili itachapwa Jumapili. Mtumbwi upo alfajiri. Nimeshamwandikia Zadock aniwekee karatasi mbili na aniazime taipureta kwa saa moja. Ni mtu mwema, hatakataa. Nimemwomba asimwambie mtu.