Siku Kumi na Tatu za Kutafuta Kahawa Isiyochoma

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi mbaya. Meza ya dirishani iko tupu. Wazee wanne wameikalia meza ile kwa miaka kumi na tisa, tangu nilipourithi mkahawa huu kwa baba, na leo hakuja hata mmoja. Nikatoka mlangoni na kitambaa begani, kama mtu anayeangalia mawingu. Kumbe wako ng'ambo ya barabara. Kwa Fehim. Wanakunywa chai ya majani ya mlimani, kama wagonjwa wa wodini.

Fehim ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu Zumra. Alifungua duka lake la vinywaji mwaka jana, mbele ya pua yangu. Nilipolalamika alisema Travnik ni mji, si sebule yangu.

Baadaye Mzee Hajro akavuka kuja kunisalimia, kofia mkononi. Alikuwa dereva wa treni, na meza ya dirishani ikimsikiliza yeye. Akanieleza kwamba daktari mpya, bibi Amra, amewapiga marufuku wote wanne. Vidonda vya tumbo, kiungulia, mambo ya umri. Wasinywe kahawa tena.

"Ragib mwanangu," akasema, "tangu marehemu mke wangu aondoke, kinachonitoa kitandani ni finjani yako. Sasa nafungua macho, nakumbuka sina pa kwenda, nayafunga tena."

Nikamwambia anipe wiki moja. Nitapika kahawa isiyochoma tumbo. Si chai wala maji ya majani. Kahawa.

Hili naliandika hapa tu: kahawa ya mkahawani hata mimi inanichoma. Miaka mingi sasa. Nakunywa magadi nyuma ya kaunta nikijifanya nasukutua koo. Ajabu ni kwamba ya nyumbani hainisumbui. Nadhani ni kwa sababu nyumbani nakaa kwenye kiti chenye mto.

Jumanne, 5 Machi

Maganda ya mayai! Fundi saa wa jirani amenihakikishia kwamba ganda la yai linaua uchachu wa kitu chochote. Nikashangaa kwa nini wazazi wetu hawakulifikiria.

Nimevunja mayai kumi na mbili jikoni kwa Zumra. Akauliza haya mayai yenyewe nayapeleka wapi. Nikasema kazi yangu ni maganda. Nikayasaga kwenye kinu cha kahawa, nikaweka vijiko vinne ndani ya dele la kahawa, nikamwita Mzee Hajro.

Alikunywa. Akafumba macho. Akasema haichomi kabisa. Nikaona meza ya dirishani imejaa tena, nikaona Fehim anafunga duka na kuhamia Ujerumani.

Halafu Mzee Hajro akatafuna kitu. Sikusaga vizuri. Kipande cha ganda kimeingia chini ya meno yake ya bandia, na alipojaribu kukitoa meno ya juu yakapasuka katikati. Nikamwambia angalau tumbo halijauma. Alinijibu, lakini bila meno sikuelewa, na nadhani ni heri.

Chakula cha jioni: mayai. Zumra amesema na kesho ni mayai.

Jumatano, 6 Machi

Usikate tamaa, Ragib. Chuma hupigwa kingali moto, lakini kahawa huenda inataka baridi. Nimesikia kwamba kahawa ikilowekwa kwenye maji baridi siku nzima haiwi kali. Hakuna moto, hakuna hasira. Inaingia akilini.

Nilihitaji chombo kikubwa. Nikachukua mtungi wa Zumra ulioko ghalani, ule wa kabichi chachu. Ulikuwa umebakiwa na kabichi kidogo chini. Nikaimwaga, nikasuuza mara moja. Nikatia kahawa kilo mbili na maji ya chemchemi. Nikafunika.

Nikampitia Fehim nimtazame anafanya nini. Nilijificha nyuma ya gari la mikate. Gari likaondoka. Nikabaki nimechutama katikati ya barabara, na Fehim akanipungia mkono kupitia kioo. Akatoka na kuniuliza kama nimeangusha kitu. Nikasema nafunga kamba ya kiatu. "Shemeji," akasema, "hizo ni ndara."

Alhamisi, 7 Machi

Kahawa ya baridi ina ladha ya kabichi. Si kidogo. Ni kabichi iliyosikia habari za kahawa kwa mbali.

Nilimpa fundi saa bila kumwambia. Akauliza kama ni supu. Nikasema ndiyo. Akaomba mkate.

Zumra amegundua kuhusu mtungi. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kwa mwaka wa pili sasa amekuwa akitaka kuniambia jambo kuhusu kahawa, na kila akianza mimi huinua mkono na kusema dele ni kazi ya ukoo wetu. Nikainua mkono, nikasema dele ni kazi ya ukoo wetu. Akaenda kuosha mtungi.

Alasiri nilikwenda sokoni. Bibi mmoja kutoka vijiji vya mlima Vlašić anauza mizizi ya chikori iliyokaangwa, ile mimea ya maua ya buluu inayoota kando ya reli. Inafanana na kahawa, inanukia kama kahawa, na haina ukali. Akanionya niweke kijiko kimoja kwa dele, si zaidi, maana mizizi hii husafisha tumbo. Nikafurahi. Tumbo lililosafishwa ndilo hasa ninalolitaka. Nitaweka vitatu.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba. Zumra yumo ndani na sijui kama nitakaribishwa.

Leo ni Siku ya Wanawake. Nikaandika kwenye ubao: kahawa mpya isiyochoma, bure kwa wanawake wote. Nilijua habari ingefika mbali. Ilifika hadi shule ya msingi, wakaja walimu kumi na mmoja wakati wa mapumziko, kila mmoja na ua alilopewa na wanafunzi. Daktari Amra naye alipita, akasita mlangoni, nikamvuta kiti. Mzee Hajro akaja na wenzake watatu, meno yake yameungwa kwa gundi. Mkahawa ulijaa kama siku ya Bairam, Idi yetu. Fehim alisimama mlangoni kwake, mikono mitupu.

Wote walisifu. Wakaongezwa. Mwalimu wa muziki alikunywa finjani tatu.

Ilichukua kama dakika thelathini. Kwanza mwalimu wa muziki aliinuka ghafla akauliza choo kiko wapi. Kisha wa jiografia. Kisha Mzee Hajro akasema, kwa heshima, kwamba yeye ni mkubwa kuliko wote. Mkahawa wangu una choo kimoja, na mlango wake hukwama.

Fehim ana viwili. Vipya.

Nikawaona wageni wangu wote wakivuka barabara kwa hatua fupifupi, maua mikononi, na shemeji yangu akiwafungulia mlango na kuwaelekeza kama askari wa usalama barabarani. Daktari Amra alikuwa wa mwisho kuvuka. Alisimama katikati ya barabara, akanigeukia akaniuliza niliweka nini. Nikamwambia. Akauliza kiasi gani. Nikamwambia. Akataka kusema kitu, akakumbuka haraka yake, akaendelea.

Watoto wa shule walikaa saa nzima bila walimu.

Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba leo, kati ya wanawake wote wa Travnik niliowahudumia, mmoja sikumpa hata jani. Ua la Zumra lilikuwa mezani, kwenye gilasi. Limetoka kwa Fehim.

Jumamosi, 9 Machi

Sikufungua. Niliwaambia watu nina mafua.

Asubuhi Zumra akaniletea kahawa kitandani, jambo ambalo hajalifanya tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Nikanywa. Tamu, nzito, haichomi. Akasimama akinitazama.

"Unaipenda?" akauliza.

Nikasema ninaipenda, kama siku zote.

"Haya, sikiliza basi, na mkono huo uuache chini. Hiyo nusu ni shayiri."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akavuta kiti akakaa, akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga vifungo. Miaka kumi na moja sasa. Aliniona nikinywa magadi kwa kujificha, akanionea huruma. Akaanza kukaanga kahawa ya nyumbani mwenyewe, polepole, mpaka iwe nyeusi, akasaga kwa chembe kubwa, akachanganya na shayiri iliyokaangwa. Huiacha itulie, huimimina bila mashapo, na hunipa baada ya kipande cha mkate wenye malai ya maziwa, si kabla. Kumbe kiti hakikuhusika.

Mimi shayiri niliiapia. Ile baridi ya vita, tulipokuwa hatuna kahawa, mama yake Zumra alikaanga shayiri kwenye sufuria iliyotoboka, na sisi tukakaa gizani kwenye handaki la nyumba tukinywa maji meusi na kujifanya. Siku vita vilipokwisha nilisema mbele ya watu kwamba shayiri haitapita tena koo langu hadi nife.

Nilimkumbusha. Akasema anakumbuka vizuri, alikuwepo.

"Lakini Ragib, mama hakukupa shayiri ili akudanganye. Alikupa ili uwe na kitu cha kushika mkononi, usitetemeke mbele ya watoto."

Nikaomba finjani nyingine.

Kisha akanimalizia: alipoona simsikilizi, alimweleza Fehim habari hii mwezi uliopita. Fehim alikataa kuiuza. Alisema, "Hiyo ni ya shemeji. Mwache aione mwenyewe." Ndiyo maana anauza chai tu. Hili limeniumiza kuliko chikori.

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiri siku nzima. Nikatembea hadi chemchemi na kurudi, mara tatu.

Kwa upande mmoja, heshima ya ukoo: babu, baba, mimi, na dele ambalo mwanamke hakuligusa. Kwa upande wa pili, Mzee Hajro, anayefungua macho na kuyafunga tena.

Jioni nikamwomba Zumra aje mkahawani. Nilisema kwa sauti ndogo, akanitaka nirudie. Nikarudia. Akasema atakuja kwa masharti mawili: atapika yeye, na jina lake liandikwe mlangoni pamoja na langu. Nikauliza kama jina lake linaweza kuandikwa kwa herufi ndogo. Akavua aproni. Nikasema kubwa, kubwa, kubwa.

Jumatano, 13 Machi

Walirudi.

Zumra amesimama nyuma ya kaunta tangu juzi, na amepanga vitu vyote mahali ambapo sivioni. Siku ya kwanza alikuja Mzee Hajro peke yake, kwa uoga, akakaa karibu na mlango kwa tahadhari. Zumra alimpa mkate kwanza, akamsubiri aumalize, ndipo akammiminia. Mzee alinusa. Akanywa nusu, akaweka chini.

"Ukweli niambie, binti yangu. Nikae, au nianze kutembea?"

Akamwambia akae.

Alikaa hadi adhuhuri. Jana walikuja wote wanne, wakahamia dirishani. Leo Daktari Amra ameingia, akakagua kaunta kama mkaguzi, akamuuliza Zumra kila kitu na mimi hakuniuliza lolote. Akasema wazee wanaruhusiwa finjani moja kwa siku, na aliye na kidonda asubiri kipone kwanza. Wote wanne wakaapa vimepona.

Fehim naye alivuka. Nilimmiminia mwenyewe. Nikamwambia kwamba kuhusu lile la kuniachia siri, sikulitegemea. Akasema nisimshukuru sana, maana walimu siku hizi wanakunywa kwake, wamezoea njia. Tukacheka, yeye zaidi.

Mzee Hajro alipoondoka alinishika bega. Akasema kesho atakuja saa moja. Kisha akasema tena, kesho saa moja, kama mtu anayeonja neno.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kusikiliza. Kutoharakisha. Kumwachia kazi anayeiweza.

Jumamosi, 16 Machi

Zumra ameondoka na basi la asubuhi kwenda Zenica kumwona dada yake. Atarudi Jumatatu. Ameacha mchanganyiko umepimwa ndani ya mkebe, na karatasi imebandikwa juu yake: Ragib, chemsha maji tu. Tafadhali.

Nimeisoma karatasi mara mbili. Ni maelekezo mazuri. Hata hivyo, nikiwa naonja finjani ya pili, nilihisi kitu kinapungua. Si kikubwa. Mke wangu ameifikisha kahawa hii mahali pazuri sana, na ni wazi kwamba amefika mwisho wa uwezo wake.

Kinachohitajika ni majivu. Majivu safi ya kuni za mlimani, kijiko kimoja kwa dele. Majivu huua uchachu kuliko kitu chochote. Bibi yangu alipika sabuni kwa majivu maisha yake yote, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kusema sabuni ya bibi inachoma tumbo.

Nimeshafagia jiko. Nimepata ndoo nzima. Mzee Hajro na wenzake watafika muda si mrefu, na nimewaandikia walimu pia.

Naweka vijiko vitatu.