Daktari wa Kope

Sadoki alikuwa amesimama nyuma ya mkutano wa kijiji, upande wa Mpui, akitafuta wa kumuuzia saa isiyotembea, ndipo alipouona utajiri: jicho la kushoto la mwenyekiti.

Lilikuwa linacheza. Mzee Gaudensi alikuwa anatangaza kwamba kila kaya italima ekari ya ulezi katika shamba la ujamaa, na kila alipotaja ekari, kope lilishuka na kupanda. Wanawake wa mbele wakainamisha macho kwa aibu. Wanaume wakacheka, wakajua ekari ni utani. Wakaenda zao nyumbani.

Sadoki alimfuata mzee, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mimi ni daktari wa kope, natoka Mbeya."

"Marahaba. Kumbe kuna madaktari wa kope?"

"Wachache. Wengi wanaishia kwenye meno."

"Hapa wanasema kope la juu likicheza utapata mgeni."

"Na mimi ni nani, mzee?"

Hapo Gaudensi akaishiwa ubishi. Tangu masika alikuwa halali. Alikesha akiandika taarifa za wilaya, uso juu ya moshi wa kibatari, akijisukuma kwa chai ya rangi nyeusi kama lami. Mkewe, Kalista, alikuwa amemwambia mpaka akachoka: acha chai, lala. Lakini ushauri wa mke ni wa bure, na cha bure hakijawahi kumponya mwenye cheo.

Sadoki alimfunga mzee kitambaa machoni, akamlaza chumba cha giza. Asinywe chai, asiwashe kibatari, asiongee, mpaka daktari arudi na dawa. Kuichuma dawa kulihitaji baiskeli ya mzee.

"Inaota mbali?" Kalista aliuliza, akimtazama anavyopanda.

"Kiasi, mama."

"Njia ya Mbeya?"

"Huko huko," alisema Sadoki, akakanyaga pedali.

Gaudensi alilala mchana ule, usiku ule, na asubuhi yake. Alipofungua kitambaa, kope lilikuwa limetulia tuli. Alitoka nje na shuka, akawakonyeza majirani kwa makusudi ili waone tofauti. Kijiji kizima kikashika njia kumtafuta daktari.

Walimkuta akikokota baiskeli yenye pancha. Alipouona umati umebeba mbuzi wa shukrani, alidhani wamekuja kumkamata na mbuzi naye ni shahidi. Akapiga magoti.

"Jamani, nilikuwa nairudisha."

Wakambeba juu juu, wakiimba.

Katika mkutano Kalista alisimama. "Mtu kama huyu tukimwacha aende, tutajuta. Apewe kiwanja. Na kwa kuwa sasa ni mwenzetu, apewe na ekari."

Mikono yote ikanyooka. Mzee Gaudensi akatangaza ekari kwa jicho kavu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Jumatatu Kalista alimkabidhi Sadoki jembe. Sadoki alingoja wengine wasogee.

"Mama, wewe unajua sikumponya."

"Najua. Kaponywa na usingizi."

"Basi waambie, niende zangu."

"Naweza kuwaambia. Ila wakijua wewe si daktari, watataka kujua baiskeli ilikuwa inakwenda wapi."

Sadoki alilitazama shamba lililopanda kilima na kupotea upande wa pili. Kisha akauliza, kwa adabu, tuta lake linaanzia wapi.