Maua Kumi na Saba kwenye Gauni la Shemeji

Jumatatu, Machi 3
Na ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa: leo saa nne asubuhi nimenunua brashi. Ndogo, laini. Na kopo la dawa ya kuunguza pamba. Unachora nayo maua kwenye mahameli ya pamba mbele na nailoni nyuma, unaacha yakauke, unapiga pasi, unasuuza. Pamba inaungua na kutoka, nailoni inabaki: ua linapenya mwanga! Shemeji, dada wa mke wangu, ana chumba kitupu mbele ya duka lake. Anataka kumpa fundi nguo mmoja tu. Mimi, au jirani yangu Bwana Milimita, anayepima kila kitu mara tatu.

Jumanne, Machi 4
Shemeji kaleta gauni la mahameli la kuvaa Jumamosi kwenye arusi ya bintiye. Kasema nikimpendezesha, ufunguo wa chumba ni wangu. Milimita, dirishani bila kualikwa, akauliza kama nakijua kitambaa chenyewe. Nikamwambia akapime kivuli chake.
Hata hivyo nimechomoa uzi kwenye pindo, nikauchoma. Ukayeyuka, ukawa kishanga. Nailoni imo! Sayansi imesema.

Jumatano, Machi 5
Maua kumi na saba. Mazuri hadi nikajionea wivu. Pasi ikayageuza kahawia. Mke wangu kauliza ninaunguza nini. Nikamjibu: umaskini.

Alhamisi, Machi 6
Nimesuuza. Maua yametoka. Yametoka kabisa, yameondoka na maji! Naiona sakafu kupitia gauni. Mke wangu kachoma uzi wa katikati, ukawaka kama karatasi: pamba tupu, mbele na nyuma. Kasema, we baba, umepima uzi wa cherehani ukaacha kitambaa! Nimemwomba asinikatize, nafikiri.

Ijumaa, Machi 7
Nimemweleza shemeji kuwa ni mtindo wa kupitisha hewa. Akaingiza mkono kwenye ua moja, hadi kiwiko. Akauliza, na hili la nyuma, shemeji, nikiketi? Nikamshauri asiketi. Kaenda kwa Milimita, kilio mtaa mzima. Huyo kapima kila tundu mara tatu, katia bitana nyekundu ndani.

Jumapili, Machi 9
Jana arusi nzima ilisifu maua mekundu. Nilizunguka kila meza kueleza kuwa wazo ni langu. Ufunguo kapewa Milimita. Haidhuru. Nimeshajua nilipokosea: kupimapima. Safari hii sichomi uzi wowote, naanza moja kwa moja na kochi letu la mahameli.
Mke wangu amelikalia tangu asubuhi. Hanyanyuki.