Floridi ya Shaba Ndani ya Bani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Madam Donatille, mkuu wetu wa shule, ametangaza. Ijumaa mimi na Séverine, mwalimu mwenzangu wa kemia, kila mmoja alete kampaundi aliyoitengeneza mwenyewe. Mshindi anapewa funguo za maabara. Mwingine anasimamia bustani ya mchicha. Mimi, mchicha! Séverine katoka chuo juzi tu na tayari anapanga chupa zangu upya. Nimechagua floridi ya shaba. Kitabu kinasema ikiwa kavu ni nyeupe, ikipata maji inakuwa bluu. Kinasema pia inatengenezwa kwa asidi inayokula kioo. Vyombo vyetu vyote ni vya kioo. Kitabu hakijui maisha ya huku.

Jumanne, 4 Machi
Dawa ya meno ina floridi, imeandikwa kwenye boksi. Mrututu una shaba, wafugaji wanautumia kutibu kwato za ng'ombe. Nimechanganya, nimechuja kwa soksi, nimeanika. Chengachenga za bluu, zinanukia mnanaa. Mke wangu kauliza dawa ya meno imekwenda wapi. Kisha kaficha mkaa. Sasa nitazikausha na nini?

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Baba mkwe, mzee Salvatori, anakausha tumbaku kwenye bani lake hapa Katumba. Nimejitolea kuchochea moto ili familia iende kupakwa majivu. Kaniita mkwe mwema. Kaonya: mlango usifunguliwe, joto likitoka majani yanaharibika. Walipoondoka nikafungua. Bomba la moto linapita ndani, sahani ya chenga zangu ningeiweka wapi kwingine? Nikafungua tena kuchungulia. Na tena. Nyeupe kama sembe! Nimecheza peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Séverine kaomba kuijaribu yangu. Kadondosha tone la maji, ikawa bluu. Nikagonga meza, si nilisema? Kaongeza maji. Karibu yote ikayeyuka. Kasema floridi ya shaba haiyeyuki kirahisi hivyo, huu ni mrututu uliopiga mswaki. Madam kacheka hadi kashika mbavu. Funguo kapewa Séverine. Roho imeniuma, siwezi kudanganya. Lakini sikubali. Maji ya shule hii nayo yana mambo yake.

Jumamosi, 8 Machi
Bani limefunguliwa. Tumbaku ina mabaka, sokoni haitapata daraja lolote. Baba mkwe hakunitazama. Kamwambia mke wangu aniambie, nami nimesimama palepale, kwamba nitachochea moto wa bani hadi msimu uishe. Nikamwambia mke wangu amjibu kuwa nimesikia.

Jumapili, 9 Machi
Adhabu imeanza. Watu wamekwenda misa. Moto mkali, bomba la moto, hakuna wa kunichungulia. Wanadhani wameniadhibu, kumbe wamenipa maabara. Séverine abaki na funguo zake. Kosa lilikuwa shaba tu. Sasa ni floridi ya chuma. Dawa ya meno nimenunua kubwa. Misumari nimeshapata, mlango wa bani ulikuwa nayo mingi mno.