Majogoo Arobaini na Mraba wa Vidoa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimepata! Wazo limenijia kwenye semina ya wafanyabiashara, ile ya video. Mwezeshaji alibandika ukutani nyuma yake mraba wa vidoa vyeusi. Msimbo wa QR. Unauskani kwa simu, unajikuta dukani kwake. Hakusema "nunueni" hata mara moja. Ustaarabu mtupu!

Keshokutwa kuna kikao cha harusi ya mpwa wangu Aurelia. Nacho ni cha video, maana nusu ya ukoo inaishi Dar na Dodoma. Jukumu la kuku wa harusi bado halijapewa mtu. Bandani kwangu hapa Mshangano nina majogoo arobaini na mmoja. Kila harusi napewa kusimamia viti. Nimechoka kuwa mjomba wa viti. Safari hii nataka kuwa mjomba wa kuku.

Jumanne, 3 Juni

Zulfa wa steshenari kanichapia msimbo mkubwa kama meza. Ukiuskani, WhatsApp inafunguka na ujumbe uko tayari: "Nahitaji majogoo kumi." Mteja anabonyeza kutuma, basi. Zulfa akashauri tuandike juu yake "Kuku". Nikakataa. Mwezeshaji hakuandika kitu. Zulfa hajahudhuria semina.

Jumatano, 4 Juni

Kikao! Shemeji Leonce ndiye mwenyekiti. Ana pikapu, ana friza, ana sauti. Alipofungua ajenda ya michango nikasogea pembeni, mraba niliobandika ukutani nyuma yangu uonekane wote. Shangazi Benigna wa Dodoma akauliza kama ndio huo. Nikamjibu ndio huohuo, shangazi, karibuni. Akanisifu kwamba nimerahisisha mambo. Leonce akanitazama sana. Wivu!

Kabla hatujafunga kikao, oda nne. Majogoo arobaini!

Alhamisi, 5 Juni

Twaha, jirani, kaja alfajiri kuchinja, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Baridi kali, maji ya moto, manyoya hadi masikioni. Mke wangu Brigita akauliza kama nimewapigia wateja simu. Nikamwambia biashara ya kisasa haina kupigiana simu. Jogoo wa arobaini na moja tumemla wenyewe, kujipongeza.

Ijumaa, 6 Juni

Nimempigia shangazi kumuuliza mzigo wake aupokelee stendi gani. Shikamoo aliitikia vizuri. Baada ya hapo mambo yakaharibika.

Akauliza majogoo gani. Yeye alikuwa anatuma mchango! Mraba kwenye kikao cha harusi ni wa kuchangia, akasema, hata mtoto anajua. Miwani hakuwa nayo, akabonyeza tu. Wale watatu wengine walibonyeza kwa kumfuata yeye.

Nikakaa chini kwenye manyoya. Majogoo wangu wote! Miezi saba nimewalea. Nililia kidogo.

Brigita akamwita Leonce. Leonce akacheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akavua koti, akapakia kuku wote kwenye pikapu, akawapeleka kwenye friza lake. Hakuniacha nibebe hata mmoja. Sasa nashindwa kumchukia vizuri kama zamani.

Jumapili, 8 Juni

Kikao cha pili. Imeamuliwa kuku arobaini ndio mchango wangu. Makofi! Shangazi alipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza. Kusimamia kuku kapewa Leonce, kwa kuwa wako kwake. Mimi viti.

Baadaye Aurelia akapiga simu, analia. Akasema mimi ni mjomba yuleyule aliyembeba mgongoni kwenda kliniki, enzi zile tunaishi Namtumbo. Nampenda sana mtoto huyu. Nililia tena, na safari hii si kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Harusi kesho. Viti vimefika, nimevihesabu mara mbili. Misa itarushwa mtandaoni kwa ajili ya ndugu wa mbali. Nimeulizia kwa utaratibu kabisa: kamera itakaa nyuma, na wajomba wanakaa benchi la mbele. Saa mbili nzima ukoo wote utakuwa unatazama mgongo wangu!

Nimekimbiza koti la suti kwa Zulfa. Mraba umeenea mgongo mzima, umependeza. Neno "Kuku" nimekataa tena. Ukiuskani bado unaagiza majogoo kumi. Zulfa akauliza majogoo wenyewe wako wapi. Nimemwomba asinikatishe tamaa.