Viatu Mlangoni mwa Kompyuta

Jioni moja habari ilifika kijiweni kwa Wankyo, pale Nyakato, Musoma, kabla birika la kahawa halijatoa hata mvuke: Meneja wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba amerudi tangu wiki iliyopita kutoka semina ya Arusha, na amerudi na Mkakati wa Kompyuta. Kufikia mwaka elfu mbili, ofisi nzima haitatumia karatasi.

"Haitatumia karatasi?" Burito, fundi baiskeli aliyeitwa Spoku kwa wembamba wake, aliacha kujaza upepo. "Na chooni je?"

Benchi lilicheka mpaka likayumba.

"Chekeni tu," alisema mzee Silasi, karani mstaafu ambaye kila mtu alimwita Komredi. "Sasa ni soko huria. Kompyuta moja inafanya kazi ya watu kumi!"

"Inabebaga pamba?"

"Inabeba data."

"Hiyo data inavaliwa? Pamba ya kijiji cha Buswahili iko ghalani, panya wamezalia humo mpaka wana wajukuu. Lori la chama liko juu ya mawe, halina tairi hata moja. Halafu wananunua kompyuta, na kiyoyozi cha kuipepea!"

"Kompyuta haipendi joto, Spoku."

"Hata mimi silipendi. Nani amewahi kunipepea?"

Wankyo akadakia huku akimimina. "Shemeji yangu anafagiaga pale. Anasema kuingia chumba cha hiyo kompyuta lazima uvue viatu."

"Kwani humo kuna kijiti cha Musa kinawaka?"

"Ni vumbi," Komredi alieleza kwa uchungu wa mtu wa ofisi. "Ikipata vumbi inaugua."

"Basi hiyo imekuja Musoma kufa! Na viatu, Komredi, viatu vina nuksi. Ile miaka ya shida tulikuwaga tunavipanga kwenye foleni ya sabuni vitushikie zamu. Sabuni haikuja, viatu vikaondoka."

Hapo ndipo Marcelina alipotokea, akitembea upande wa kivuli kama kawaida yake. Alikuwa mpiga taipu wa chama mwaka wa tisa sasa, na kwa aibu yake kijiwe kilimwita Kimya. Wote walijua Mkakati unapunguza wapiga taipu, na kwamba asubuhi hiyo Meneja alikuwa amemwita. Walijua pia ni mshahara wake unaomsomesha mdogo wake.

"Kimya," Spoku alisema, sauti imelainika, "wamekupunguza?"

Akatikisa kichwa. "Nimehamishiwa Idara ya Kompyuta."

Kijiwe kililipuka. Komredi alisimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. "Si nilisema? Mwanetu yuko ndani ya Mkakati!" Wankyo akampa kahawa na kashata mbili za bure, jambo ambalo halijawahi kuonekana Nyakato.

Marcelina alikitazama kikombe. "Nalinda viatu."

"Viatu gani?"

"Vya wanaoingia. Juzi vya mtaalamu viliibwa, akarudi hotelini peku. Ndipo Mkakati ukaongezwa kipengele."

Spoku alianza kucheka, akayaona macho yake, akakimeza kicheko kikavu.

"Miaka yote ya kupiga taipu," alisema Wankyo, "uje uchunge malapa!"

Komredi alikohoa. "Labda... ni cheo cha mpito."

"Meneja aliniagiza na jingine," Marcelina aliendelea. "Wakulima wakija, niseme yuko Dodoma. Yeye akiwa humo ndani, viatu vyake nivifiche chini ya meza."

"Na wamekuja?"

"Wa Buswahili, kwa baiskeli, kuuliza lori. Karani wa mapokezi akawaambia Meneja yuko Dodoma."

"Nawe ukavificha?"

Sauti ya Marcelina haikupanda. Ni wao walioinama kumsikiliza. "Vilikuwa na vumbi, nikavipiga kiwi. Halafu nikaviweka katikati ya mlango vikauke."

Birika lilisimama hewani mkononi mwa Wankyo.

"Mzee aliyetangulia akavitazama, akavitambua, akavua kofia, akakaa chini karibu navyo. Wenzake nao wakakaa. Saa za kazi zilipoisha mimi nikatoka. Meneja bado yuko ndani."

"Kesho atakufukuza, mwanangu," Komredi alisema taratibu.

"Najua, mzee. Lakini kwanza atoke."

Spoku alikuwa amekwisha kuitupa pampu na kurukia baiskeli ya mteja, ile ile yenye gurudumu nusu upepo.

"Komredi, panda nyuma!"

"Tunaenda wapi?"

"Dodoma!"